Tenda rahisi, kutu ya walalahoi

Mkazi wa Moshi atauliza: maji ya bahari yananihusu nini, wakati mifongo inashusha maji matamu kutoka Kilimanjaro? Yanakuhusu, ndugu, maana mitambo ya serikali ya kuyachuja hununuliwa kwa kodi yako.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Chumvi hiyo hutoboa hata stenlesi ya masufuria, hasa kwenye maungio. Palipo na shinikizo dogo, plastiki inatosha. Kwenye pampu na maungio ya shinikizo kubwa inatakiwa metali ya kuhimili chumvi, kama aloi 625, yenye nikeli asilimia 58 au zaidi, kromi na molibdeni. Ni ghali, kweli. Lakini mwenye tenda rahisi akishalipwa anaondoka. Pampu ikitoboka analipa mlalahoi.

Nikeli tunayo Kabanga, Ngara. Januari 2021 serikali ilisaini mkataba uliompa Mtanzania asilimia 16 ya Tembo Nickel. Tuuze madini kisha tununue kutu?

Waheshimiwa, andikeni aina ya metali ndani ya tenda, na gharama ihesabiwe kwa miaka 20. Rahisi huvunja upishi!