Mtazameni Akipiga, Msimpime Kiuno

Mwezi uliopita nilikaa pembeni ya uwanja wa tenisi watoto wakichaguliwa kuingia mazoezini. Kocha aliwapanga mstari, akapita mbele yao kama mtu anayechagua maembe gengeni: wewe mrefu, huku, wewe mnene, kaa kule. Binti mmoja wa miaka kama kumi na mmoja, mfupi aliyejaa mwili, alirudi kwa mama yake raketi ikiwa bado ndani ya mfuko wake. Hakupiga mpira hata mmoja.

Imani hii kwamba tenisi ina mwili wake, mrefu na mwembamba, inatupotezea watoto. Sikatai kwamba urefu una faida. Anayeanzisha mpira kutoka juu hupata pembe ya kuuvusha wavu na kuushusha ndani ambayo mfupi haipati. Lakini Ivo Karlović, mwenye sentimita 211, na John Isner, mwenye 208, hawajawahi kutwaa taji la Grand Slam la mchezaji mmoja mmoja. Rod Laver, mwenye 173, aliyabeba mataji hayo yote manne ndani ya mwaka mmoja, tena mara mbili: 1962 na 1969.

Hata kwenye mpira wa vinyoya, mchezo mwingine wa raketi, chukueni fainali ya dunia ya wanawake ya Glasgow, 2017. P. V. Sindhu wa India anakaribia sentimita 180. Nozomi Okuhara wa Japani hafiki 160. Walichezeshana dakika 110. Seti ya pili ilimalizwa na kinyoya kilichopigwa mara 73 bila kuanguka, wote wawili wakiwa hoi, na Sindhu ndiye aliyeipata pointi hiyo. Seti ya tatu Okuhara akashinda 22-20. Miguu mifupi ilikuwa inakifikia kinyoya, basi.

Kinachotudanganya ni kwamba mwili wa bingwa tunauona kazi ikiwa imekwisha. Mkono wa kushoto wa Laver, aliokuwa akipigia, ulikuwa mnene kuliko wa kulia. Hakuzaliwa hivyo, raketi ndiyo iliyoujenga. Mtoto anayepiga tangu udogoni, hata mfupa wa mkono anaopigia huwa mnene kuliko wa mkono wa pili. Sasa sisi tunamdai mtoto aje na mwili ambao mchezo wenyewe ndio unaoutengeneza!

Na mizani haijui tofauti ya msuli na mafuta. Mwaka 2012 Taylor Townsend wa Marekani alikuwa namba moja duniani kwa wasichana chipukizi, ana miaka 16. Shirikisho la tenisi la nchi yake likamtaka asicheze US Open ya chipukizi mpaka mwili wake uwe fiti zaidi, likakataa kumgharamia. Walisema wanajali afya yake. Mama yake akalipa, binti akaenda, akarudi na taji la wawili wawili. Mwaka 2024, akiwa mwanamke mzima na mama wa mtoto, alitwaa Wimbledon ya wawili wawili. Je, asingekuwa na mama wa namna ile?

Afya ya mtoto ishughulikiwe, tena kwa upole, lakini akiwa ndani ya uwanja. Kocha, yule binti anakaa mtaa uleule. Mwite. Mrushie mipira ishirini, kumi kulia, kumi kushoto, umtazame miguu.