Tusiwalaumu madereva wa daladala peke yao, na sisi matajiri tujitazame



Kila anayerudi Dar es Salaam baada ya miaka mingi hupewa nasaha zilezile. Pandia kituo gari linapoanzia safari. Mkoba uuweke kifuani, na ukikaa dirishani simu usiitoe. Kuwa na chenji. Usisimame mlangoni. Gari lisiposimama kabisa usishuke, hata konda akipiga kelele namna gani. Nasaha nzuri, nami nimewapa wengi. Lakini zinamfaa mgeni wa wiki tatu. Mtu anayetoka Mbagala Rangi Tatu kwenda kazini Kariakoo kila siku alfajiri hachagui gari wala kiti. Akisubiri gari lenye nafasi atafika saa nne.

Basi naomba tuulize swali moja: kwa nini daladala zinaendeshwa vile? Jibu la haraka ni kwamba madereva ni wahuni, wanavuta bangi na hawakwenda shule. Nami nililiamini jibu hilo mpaka nilipokuwa tajiri.

Ndiyo, tajiri. Mwaka 2014 nilijikusanya hapa London, nikanunua Coaster iliyotumika, nikaiweka barabarani kwa jina la shemeji yangu. Mpango ulikuwa ule ule wa mji mzima. Dereva na konda waniletee hesabu ya shilingi 80,000 kila siku. Mafuta juu yao, faini za trafiki juu yao, na wapiga debe wa vituoni juu yao. Kinachobaki ndiyo riziki yao. Hakuna mkataba, hakuna mshahara, hakuna likizo wala bima ya mfanyakazi. Akiumwa, anaingia deiwaka. Asipofikisha hesabu siku tatu, gari anapewa mwingine, maana vijana wenye leseni wamejaa kijiweni.

Dereva wangu alikuwa akinipigia: "Bosi, leo foleni imetuua, hesabu haijatimia." Namjibu nini? "Kesho ulete ya leo na ya kesho." Nakata simu, naenda kupanda basi langu nikiwa nimeridhika kwamba mradi unasimamiwa vizuri. Sikujiuliza hata mara moja hiyo ya kesho ataitoa wapi. Ndugu zangu, ataitoa kwenye mwendo, kwenye kujaza watu mpaka mlango haufungi, kwenye kukatisha ruti, na kwenye kulala saa nne tu. Hakuna kwingine pa kuitoa.

Nilipokwenda likizo nilifikia kwa dada yangu Mbagala. Mpwa wangu alikuwa kidato cha pili, na mkono wake ulikuwa na kovu refu. Nikamuuliza. Akanieleza kwamba wanafunzi hupandishwa mwisho, gari likiwa linaondoka, kwa sababu nauli yao ni ndogo. Mguu mmoja ulikuwa ndani, wa pili bado chini, dereva akaondoa gari, naye akaburuzwa. Nikapandwa na hasira, nikataka kujua ni gari gani. Akasema: "Sijui mjomba, yote yanafanya hivyo. Hata la kwako huwa halisimami kwa wanafunzi."

Sikuwa na la kujibu. Kwa mtu mwenye deni la hesabu, kiti cha mwanafunzi ni hasara. Nani aliyemwekea deni hilo? Mimi.

Tusidanganyane kwamba hili ni jambo jipya. Daladala ziliruhusiwa rasmi mwaka 1983, baada ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, kuelemewa na abiria. Jina lenyewe linatokana na nauli ya shilingi tano, sarafu tuliyoiita dala. Tangu hapo Serikali imehangaika na rangi za mistari ubavuni, sare za makonda, vituo na faini. Uhusiano wa tajiri na dereva haukuguswa kwa dhati. Wafanyakazi wenyewe hawakunyamaza. Madereva na makonda wa Dar walianza kujipanga tangu miaka ya 1990 wakidai mikataba, na mtafiti Matteo Rizzo ameieleza habari yao katika kitabu chake cha mwaka 2017. Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Wengi wetu huku tulilalamika tu kwamba ndugu zetu wamekwama vituoni.

Na sheria ipo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Dereva wa daladala huzimaliza kabla Ijumaa haijafika.

Wapo watakaosema tatizo ni watu binafsi, mabasi yarudi serikalini. Sikubaliani nao. Hapa London mabasi yanaendeshwa na kampuni binafsi. Ila nauli inakwenda kwa mamlaka ya jiji, nayo inazilipa kampuni kwa mkataba wa huduma. Dereva anapokea mshahara hata basi likiwa na watu watatu. Ndiyo maana akifika kituoni kabla ya wakati, anasimama na kusubiri. Si kwamba Mwingereza ana roho nzuri kuliko kijana wa Temeke. Hana sababu ya kukimbia. Hata Dar, mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, matatizo yake yalikuwa mengi, msongamano ukiwa mmojawapo, lakini dereva wake hakuwa na haja ya kugombania abiria na basi la nyuma.

Nilijaribu kurekebisha. Nikaandika mkataba, nikaweka mshahara wa mwezi, hesabu nikaifuta. Nitasema kweli: mapato yalishuka karibu theluthi. Konda wa kwanza aliniibia, nikambadilisha. Na gari langu likawa linapitwa na yote, maana lilikuwa moja lenye adabu kwenye ruti ya wenye njaa. Mwaka wa tatu nikaliuza. Kwa hiyo siwadanganyi kwamba tajiri mmoja mwenye huruma ataubadili mji.

Kitakachoubadili ni kanuni inayotubana sote kwa pamoja. LATRA isitoe leseni ya ruti kwa gari moja moja. Itoe kwa kampuni au ushirika wenye madereva walioajiriwa, mishahara ipitie benki na mikataba ikaguliwe kama breki zinavyokaguliwa. Mwenye gari ashitakiwe pamoja na dereva pale hesabu aliyoiweka inapothibitika kuwa haifikiki kwa mwendo halali. Na nauli ya mwanafunzi ifidiwe, isiwe mzigo wa konda.

Najua wapo humu wenye Coaster mbili tatu zinazozunguka Gongo la Mboto au Tegeta wakati wanasoma haya. Mtasema madereva ni wezi. Wengine ni wezi kweli. Lakini tukiwalipa, tutakuwa na haki ya kuwafukuza. Leo hatuwalipi, na mtu usiyemlipa huwezi kumwambia apunguze mwendo.

Usiku wa leo dereva wako akikupigia kusema hesabu haijatimia, kabla hujamjibu kumbuka kwamba kesho asubuhi kuna mtoto wa mtu mlangoni.

Naomba kuwasilisha.