Redio Yasifu, Yuniti Zaisha

Hapa Bengamisa, kwenye barabara ya Buta, kama kilomita 50 kutoka Kisangani, habari za simu hatuzikosi. Redio inatuambia nani kaleta bei mpya ya intaneti, nani anagawa zawadi kwa atakayeweka kredi nyingi, mkurugenzi gani kakata utepe wa mnara wapi. Mtangazaji anasoma kwa furaha, utadhani ni harusi ya mdogo wake. Hatujamsikia akiuliza kwa nini mawingu yakitanda tu rezo inapotea, wala kwa nini mama mwenye mihogo yake hawezi kupata bei ya sokoni mjini kabla hajamlipa motari wa pikipiki ampeleke.

Tunajua sababu, hatuko watoto. Redio nyingi zinaishi kwa matangazo, na makampuni ya simu ndiyo yenye pesa ya matangazo. Nani atamsema vibaya anayemlipia mafuta ya jenereta? Na mwandishi, ambaye mara nyingi hana mshahara wa maana, akiitwa kwenye uzinduzi anapewa coupage, eti ya usafiri. Hapo habari imekwisha kuandikwa kabla hajafika nyumbani.

Ila kinachotukera zaidi ni wenye redio na televisheni zenyewe. Televisheni ya Canal Congo ni ya mwanasiasa Jean-Pierre Bemba, Nyota ya Lubumbashi ni ya mwanasiasa mwenzake Moïse Katumbi, Digital Congo ilikuwa ya Jaynet Kabila, pacha wa rais wa zamani. Utasema hizo ni za siasa, kila mtu anajua. Haya. Aprili 2016 zikatoka zile nyaraka za Panama, zilizovuja kuhusu kampuni za siri za ng'ambo. Zikaonyesha kwamba Jaynet Kabila alikuwa mkurugenzi wa Keratsu Holding, kampuni iliyoandikishwa kisiwani Niue, mbali huko Pasifiki. Keratsu ilikuwa na hisa katika Congolese Wireless Network, na hiyo nayo ilishika asilimia 49 ya Vodacom Congo. Televisheni mkono huu, simu mkono ule! Nani kwenye televisheni hiyo angethubutu kuuliza kwa nini yuniti ni ghali? Na habari yenyewe ilibidi itoke ng'ambo, kwa gazeti la Ufaransa Le Monde na wenzake, maana huku kwetu waziri wa habari wa wakati ule, Lambert Mende, aliwaonya waandishi wasichapishe majina ya Wakongomani waliotajwa.

Septemba 2020 ikaja RAM, ile daftari ya kuandikisha simu ya ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia simu. Pesa yake ilikatwa moja kwa moja kwenye yuniti: unaweka kredi asubuhi, kabla hujapiga imeshapungua. Tukaelezwa ni dawa ya simu bandia na simu za wizi. Sisi hatujui hata simu moja iliyoibwa hapa ikarudi kwa sababu ya RAM. Redioni tulisikia maelezo ya faida zake, maswali tukayasikia barabarani, kwa vijana wa vuguvugu la LUCHA, na bungeni mwaka 2021, wabunge walipomwita waziri Augustin Kibassa Maliba ajieleze. Machi 2022 ikafutwa. Pesa iliyokwisha kukatwa ilikwenda wapi? Redio ikarudi kwenye zawadi.

Wengine wanasema basi sikilizeni Redio Okapi. Tunaisikiliza, tangu 2002, na inauliza zaidi kuliko nyingine. Lakini hiyo nayo ina mwenyewe, Umoja wa Mataifa, na wanajeshi wake wameshaanza kufunga mizigo. Wakimaliza kuondoka, nani ataichukua? Mfanyabiashara? Mbunge?

Tunachotaka hakina gharama: kabla ya kusoma habari ya simu, mtangazaji aseme nani kailipia, na redio ni ya nani. Kijana mmoja wa hapa alituma ombi hilo kwa ujumbe wa simu wakati wa kipindi cha wasikilizaji. Yuniti zilikatwa, ujumbe haukusomwa.