Kuwaza sana siyo kufikiri

Jamani, kuna gonjwa linatumaliza sisi vijana tuliosoma na hakuna anayelipigia kelele, kwa sababu kwa nje linafanana na akili. Ni kuwaza kupita kiasi. Mtu kamaliza chuo, kaandika barua ya kuomba kazi, kaisoma mara kumi, kaanza kujiuliza watamwonaje. Siku ya mwisho ya kupokea maombi inapita, barua bado iko kwenye kompyuta. Ukimuuliza anakwambia alikuwa "anaifikiria vizuri". Mwingine bosi wake kamjibu "sawa" kwenye simu, basi usiku mzima halali. Sawa ya hasira? Sawa ya kufukuzwa kazi?

Mimi nasema huko siyo kufikiri. Kufikiri kuna mwisho: unapata jibu, au hatua ya kuchukua, au unagundua kwamba jambo haliko mikononi mwako. Kuwaza sana ni kama ngamia wa kinu cha mafuta, anatembea kutwa na jioni yuko pale pale.

Simdharau mwenye shida. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mshahara haujaingia, hiyo ni hesabu na lazima uipige. Ninayemsema ni yule anayeipiga hesabu hiyo hiyo saa nane za usiku kwa mara ya ishirini, wakati tarakimu hazijabadilika.

Dawa tunayopeana mtaani ni moja: "Usiwaze." Haisaidii, na ilishapimwa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Dubu akawa anarudi tu. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo kichwa hakikatazwi, kinapewa kazi. Sisi waandishi wa habari tunafundishwa maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Anayewaza sana kang'ang'ania moja tu. Kwa nini mimi? Kwa nini aliniangalia vile? Edward Watkins wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, ametafiti jambo hili kwa miaka mingi, na kazi yake inaonyesha kwamba mtu aliyekwama husaidika akiziacha "kwa nini" za jumla na kuingia kwenye mambo mahususi. Kilisemwa nini hasa? Lini? Hatua inayofuata naifanyaje? Mpelekee mhariri habari inayosema "nahisi bosi ananichukia" uone kama itapita. Atakuuliza chanzo chako ni nani.

Jambo la pili ni muda. Gazeti halimsubiri mtu. Saa ikifika, kurasa zinakwenda mtamboni. Uamuzi wako nao upangie saa. Na wasiwasi usiotaka kuondoka upe miadi. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake, huko Marekani, waliwafundisha watu kutenga nusu saa kila siku ya kuwa na wasiwasi, saa ile ile, mahali pale pale. Ukija wakati mwingine, unauambia usubiri zamu yake. Waliofanya hivyo wasiwasi wao ulipungua.

Najua wapo watakaoniambia haraka haraka haina baraka. Kweli kabisa. Lakini wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Na kama mawazo yamekunyima usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, nenda ukamwone daktari. Siyo uchizi, ni afya.

Wewe mwenye barua ya kazi, itume leo. Wakikukataa utakuwa umepata jibu, na utajua pa kuipeleka nyingine. Ikibaki kwenye kompyuta, mwakani utakuwa bado unajiuliza wangesemaje.

Naomba kutoa hoja.