Gunia la madini lina etiketi, mbuzi wa Kisenge hana

Katika sehemu zetu jiwe lina karatasi kuliko mnyama. Gunia la kasiteriti au koltani la Manono hufungwa etiketi yenye nambari kwenye mgodi, na nambari hiyo hufuatwa mpaka nje ya nchi. Malori ya shaba ya Kolwezi hayavuki Kasumbalesa bila karatasi za uzito na za ushuru. Lakini mbuzi aliyepakiwa Kisenge juu ya magunia ya makaa, akashushwa Kolwezi, nani anaweza kusema alizaliwa kijiji gani, alilala soko gani, alichangamana na mbuzi wa nani? Akiwa mgonjwa, ugonjwa anauacha njia nzima.

Tunaandika haya sasa kwa sababu njia inafunguka. Vita vya Angola vilipokata reli ya Benguela mwaka 1975, manganizi ya Kisenge ilipoteza barabara yake ya kwenda bahari, na upande huu wa Lualaba ukabaki kama nyuma ya nyumba. Julai 2023 marais wa Angola, Congo na Zambia walikutana Lobito, reli ya upande wa Angola ikakabidhiwa kampuni ya Lobito Atlantic Railway. Kila mtu anahesabu shaba na kobalti. Hakuna anayehesabu nguruwe, mbuzi na ng'ombe watakaosafiri pia, kwa sababu Kolwezi ni mji wenye watu wengi, wenye pesa ya mgodi, na wanaotaka nyama.

Na magonjwa hayasubiri viza. Mwaka 2012 shirika la FAO lilitangaza kwamba sotoka ya mbuzi na kondoo ilikuwa imeua mbuzi wapatao 75,000 nchini mwetu. Mbuzi mwenye sotoka anaweza kukaa siku 4 hadi 6 akila majani kama mzima, macho makavu, pua safi. Siku hizo zinatosha kununuliwa, kupandishwa kwenye lori na kuuzwa sokoni Kolwezi. Upande wa kusini, mwaka 2023, kimeta, ugonjwa ambao mtu huupata kwa kuchinja au kula mnyama aliyekufa nao, kilishukiwa kwa watu katika mikoa 9 kati ya 10 ya Zambia.

Homa ya nguruwe ya Afrika ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Haina dawa. Virusi vyake hubaki ndani ya nyama, hata iliyokaushwa, na ndiyo sababu mwaka 1957 viliweza kutoka Angola mpaka Lisbon. Tuseme ukweli juu ya kinachotokea kijijini: nguruwe wawili wakifa asubuhi, mwenye zizi hamwiti daktari wa mifugo. Anamwita mnunuzi. Anauza waliobaki haraka, kwa bei ya chini, kabla jirani hajajua. Hatumlaumu, maana karo ya watoto iko ndani ya zizi hilo na hakuna ofisi itakayomlipa. Ila kila nguruwe aliyeuzwa namna hiyo amebeba homa kwenda zizi jingine.

Hapo ndipo alama ya sikio inafanya kazi yake. Haiponyi kitu. Inamwezesha veterineri, mnyama mmoja akionekana mgonjwa machinjioni, kurudi nyuma mpaka zizi alikotoka, na kwenda mbele mpaka kwa wote walionunua siku ile. Bila alama anafunga soko zima, au, kama ilivyo kawaida, hafungi chochote.

Watu wengine wamejaribu kabla yetu, na makosa yao yanatufaa. Tanzania ilitunga sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo mwaka 2010. Ilipofika wakati wa kuvalisha hereni za kielektroniki, mfugaji aliambiwa alipe shilingi 1,750 kwa ng'ombe mmoja. Wafugaji walinung'unika, wabunge wakapiga kelele, zoezi likasimamishwa. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua upya huko Bariadi, mkoa wa Simiyu, kwa namna nyingine: hereni inalipwa na serikali, na inakuja pamoja na chanjo ya nusu bei. Mfugaji anaona faida siku ileile.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi, na jina lake ni bariera. Anayesafiri barabara hizi anazijua. Kama hereni itageuka kuwa risiti ya kodi, kwamba asiye nayo analipa na aliye nayo analipa pia, wafugaji watapitisha wanyama porini usiku, na tutakuwa tumenunua plastiki bure. Kwa hiyo tunaiomba serikali ya jimbo itoe amri iliyoandikwa, isomwe redioni kwa Kiswahili, Kiluba na Kichokwe: alama ni bure, na hakuna anayeruhusiwa kuitoza njiani.

Si lazima tuanze na satelaiti. Ng'ombe apewe nambari yake mwenyewe. Mbuzi na nguruwe inatosha wapate alama ya kijiji. Sokoni pawe na daftari: nani ameuza, nani amenunua, wangapi, wanaelekea wapi. Simu ya kawaida inatosha kupeleka hesabu hiyo Kolwezi kila jioni.

Pesa iko wapi? Sheria ya madini ya mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya redevansi, na asilimia 15 inakwenda kwa sekta, usultani au mji ambamo mgodi uko. Hereni za mbuzi wa Kisenge na Dilolo hazitaonekana hata kidogo ndani ya hesabu hizo. Pia fidia iwekewe fungu lake, hata ndogo, kwa mwenye zizi anayetoa habari mapema, la sivyo ataendelea kumwita mnunuzi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina fakulte inayofundisha madaktari wa mifugo. Wachache kati ya wanaomaliza wapewe pikipiki, daftari na sanduku la barafu la kutunza chanjo, watumwe Kisenge na mpakani Dilolo kabla mvua hazijaharibu barabara.