Taa Iliyozibwa kwa Tepu

Taa ya injini ni ile alama ya njano yenye umbo la injini inayowaka kwenye dashibodi pale kompyuta ya gari inapogundua kasoro katika uchomaji wa mafuta au usafishaji wa moshi. Marekani ililazimisha mfumo wake wa pamoja kwa magari madogo ya kuanzia toleo la 1996. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kila kasoro ina namba yake. P0301 ni silinda ya kwanza kumisi, P0420 ni masega ya ekzosi kushindwa kusafisha moshi, na fundi huzisoma kwa kuchomeka mashine ya kupimia chini ya usukani.

Taa ni moja, kasoro ni mamia. Hapo ndipo wenye magari ya zamani wanapopotea. Anayesema "hiyo ni sensa tu, nishaizoea" amejinyima habari ya kasoro ya pili na ya tatu, kwa kuwa taa inayowaka tayari haina namna ya kuwaka upya. Inachoweza ni kumetameta, na hiyo ni hatari ya papo hapo: petroli isiyoungua inapita kwenye silinda, inakwenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Dereva anapaswa kupunguza mwendo na kusimama mahali salama.

Wiki hii, katika gereji moja ya Ilala, Dar es Salaam, ililetwa Toyota IST iliyokuwa ikitetemeka kila iliposimama kwenye foleni. Mwenyewe aliuziwa kwa maneno yaleyale ya siku zote, kwamba ni gari la kuwasha na kuondoka. Dashibodi ilipofunguliwa, alama ya injini ilikutwa imezibwa kwa tepu nyeusi. Mashine ikatoa namba tatu: silinda inamisi, masega yamekufa, injini haifikii joto lake. Thermostati ilikuwa imeng'olewa zamani, kwa ile imani ya gereji nyingi kwamba nchi ya joto haiihitaji. Injini isiyopata joto huongezewa petroli na kompyuta, nayo hulika mapema. Koili moja ya silinda inayomisi ingebadilishwa kwa wakati, masega yangepona. Sasa mnunuzi anadaiwa vyote.

Hili si suala la umaskini. Kuna mtu aliyefungua vioo vya dashibodi, akaiona taa ikiwaka, akakata kipande cha tepu kwa kipimo chake. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko kusoma namba. Alijua, na akamwachia mwingine apande na watoto wake. Huo ni wizi.

Umri wa gari nao unasingiziwa bure. Kenya huzuia mitumba iliyozidi miaka 8. Tanzania huipokea kwa ushuru mkubwa zaidi. Hakuna sheria kati ya hizo inayoibandua tepu.

Njia ya pili ya kuficha ni kufuta namba, kwa mashine au kwa kuchomoa waya wa betri. Kasoro nyingi huhitaji kuonekana katika safari mbili mfululizo ndipo taa iwake tena, muda unaotosha kabisa kusaini mkataba na kuhesabu fedha. Tena kufuta huondoa kumbukumbu ya hali ya injini wakati kasoro ilipotokea, na fundi mwaminifu hubaki akipapasa.

Mnunuzi azungushe ufunguo bila kuwasha injini: taa lazima iwake. Akiwasha injini, lazima izime. Isipowaka kabisa, huenda imezibwa au imekatwa. Ikitii yote mawili, mashine ichomekwe hata hivyo, kwani huonyesha kama kompyuta imemaliza kujipima. Vipimo vingi visipokamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni, au betri ilichomolewa. Gari la namna hiyo lisilipiwe siku hiyo. Liendeshwe kwanza, mjini na barabara kuu, kisha lipimwe tena na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi mwenyewe.