Nani Kasema Shotgani Hailengwi?

Februari 2013 Joe Biden, wakati huo Makamu wa Rais wa Marekani, aliulizwa kuhusu watu wanaotaka bunduki za kujilinda nyumbani. Akajibu kwamba hakuna haja ya bunduki aina ya AR-15, ni ngumu kuilenga na ni ngumu kuitumia. Mtu anunue shotgani. Akaeleza pia kuwa amekwisha kumwelekeza mkewe: likitokea la kutokea, atoke kibarazani na shotgani yao ya mitutu miwili, afyatue mara mbili nje. Mwaka huohuo mkazi mmoja wa jimbo la Washington alifyatua shotgani kuwafukuza watu aliodhani wanavunja magari yake. Akakamatwa, na mbele ya kamera akajitetea kwamba amefanya kile alichoambiwa na Biden.

Ugomvi wangu si na Biden peke yake. Yeye alikitamka tu kile ambacho watu wengi mno wanakiamini: kwamba shotgani hailengwi. Unaielekeza upande wa adui, unavuta triga, marisau yanajaa chumba kizima, kazi imekwisha. Maneno haya nimeyasikia kwa wawindaji, kwa askari wastaafu, kwa vijana wanaocheza michezo ya kompyuta, na linalonitia hofu zaidi, kwa watu waliokabidhiwa bunduki hiyo walinde maisha na mali za wenzao. Ni uongo, na ni uongo unaoua.

Tuipasue risasi yenyewe tuone kilichomo. Risasi ya kawaida ya geji 12 ina urefu wa milimita 70. Chini kuna kikalio cha chuma chenye fataki, juu yake baruti, juu ya baruti kikombe cha plastiki. Ndani ya kikombe hicho, kwa risasi ambayo polisi wa Marekani wameitumia miaka mingi, mna gololi 9 za madini ya risasi, zimepangwa tatu tatu kwa tabaka tatu. Kila gololi ina kipenyo cha milimita 8.4 na uzito wa takriban gramu 3.5. Fataki ikigongwa, zote tisa zinatoka pamoja kwa kasi inayokaribia mita 400 kwa sekunde, kupitia mtutu wenye kipenyo cha milimita 18.5 hivi. Sasa gololi zilizotoka zimebanana hivyo, zikienda kwa kasi hiyo, zitapata wapi nafasi ya kutawanyika zijaze chumba cha mita nne?

Hazipati. Bandika karatasi kubwa kwenye uwanja wa shabaha, usimame mita tatu, ufyatue. Utakuta tundu moja lenye kingo zilizochanika, na ngumi yako haitapita. Rudi nyuma hadi mita saba, ambao ni urefu wa sebule kubwa kweli: matundu yameanza kuachana, lakini ukikunjua vidole, mkono wako unayafunika yote. Fika mita 20 na zaidi, hapo ndipo gololi zinapoachana kiasi kwamba baadhi zinampita pembeni mtu uliyemlenga katikati ya kifua.

Hapa ndipo imani ile inapovunjika miguu yote miwili. Kwa karibu, ndani ya nyumba, mtawanyiko ni mdogo mno kukusaidia, kwa hiyo usipolenga unakosa kama ambavyo ungekosa kwa bastola. Kwa mbali mtawanyiko upo, lakini unakusaliti, kwa sababu kila gololi iliyompita adui inaendelea na safari. Kila moja ni risasi kamili, na kila moja ni yako. Ukuta wa mbao nyembamba za jasi, ambao ndio ukuta wa ndani wa nyumba nyingi za Marekani, hauizuii gololi ya ukubwa huo. Nyuma ya ukuta huo mara nyingi ndiko kuliko kitanda cha mtoto.

Wanaobisha nawakumbusha Texas, tarehe 11 Februari 2006. Dick Cheney, Makamu wa Rais wa wakati huo, alikuwa anawinda kware. Ndege akaruka, Cheney akageuka kumfuata, akafyatua. Wakili Harry Whittington, mzee wa miaka 78 aliyekuwa mwindaji mwenzake, alikuwa amesimama upande uleule, umbali wa mita 27 hivi. Marisau yakamwingia usoni, shingoni na kifuani, na siku chache baadaye punje iliyokaa karibu na moyo ikamletea mshtuko mdogo wa moyo hospitalini. Bunduki yenyewe ilikuwa ndogo, ya geji 28 (namba ya geji ikizidi, mtutu huwa mwembamba), na marisau yake ni yale madogo ya ndege. Ukiwa na geji 12 yenye gololi 9, kosa kama hilo ni msiba.

Sasa tazama wanaotengeneza na wanaotumia bunduki hizi kwa kazi wanafanya nini. Mwaka 1999 kikosi cha wanamaji wa Marekani, yaani Marines, kilianza kupokea shotgani ya Benelli M4 kutoka Urbino, Italia, na kuipa jina la kijeshi M1014. Ni bunduki inayojikoki yenyewe kwa nguvu ya gesi, kwa kutumia pistoni mbili fupi chini ya mtutu, ili izimeze risasi dhaifu na kali bila mpigaji kurekebisha chochote. Lakini angalia juu yake. Nyuma kuna pete ya kulengea inayorekebishwa, mbele kuna nguzo ya kulengea, na katikati kuna reli ya kufungia darubini au kioo chenye nukta nyekundu. Jeshi halilipii pete, nguzo na reli kwenye silaha isiyohitaji kulengwa. Beretta 1301, Mossberg 590A1 na nyinginezo zinazouzwa kwa polisi na raia leo hupatikana na vifaa vya kulengea vya namna hiyohiyo.

Risasi nazo zimekwenda njia hiyohiyo. Kampuni ya Federal ya Minnesota iliunda kikombe cha plastiki ambacho hakifunguki mbele kama vya zamani. Chenyewe kina mabawa nyuma. Kikitoka mtutuni mabawa yanafunguka, kikombe kinashikwa na upepo na kubaki nyuma taratibu, gololi zinaendelea mbele zikiwa zimekusanyika. Kwa mita ambazo zamani ungepata mtawanyiko wa sahani, leo unapata wa kikombe cha chai. Idara nyingi za polisi zilikimbilia risasi hiyo, tena ile yenye gololi 8 badala ya 9, kwa kuwa mara nyingi ile ya tisa ndiyo iliyokuwa ikichepuka. Wataalamu wametumia miaka na fedha kuupunguza mtawanyiko. Raia wa kawaida bado anaamini mtawanyiko ndio utakaomwokoa.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayostahili jibu la heshima, nayo ni ya wapiga ndege na wapiga visahani. Wao husema: sisi hatulengi, tunaelekeza tu, jicho liko kwa ndege, si kwenye mtutu. Ni kweli kabisa, na mpiga visahani anayeanza kuchungulia ule ushanga wa kulengea ulio mbele ya mtutu hukosa. Lakini muulize kwa nini kitako cha bunduki yake kimepimwa na fundi kama suti. Kwenye shotgani ya namna hiyo hakuna pete ya nyuma. Jicho lenyewe ndilo pete ya nyuma. Shavu likikaa juu ya kitako kwa sentimita moja zaidi ya inavyotakiwa, na jicho liko mita moja hivi kutoka kwenye ushanga, basi kwa mita 30 umekosea kwa sentimita 30. Mpiga visahani amekirudia kitendo kile cha kuipandisha bunduki begani maelfu ya mara hadi mwili wake mzima umekuwa chombo cha kulengea. Huko ni kulenga kwa mazoezi ya miaka, na mtu aliyenunua bunduki juzi hawezi kulidai jina hilo.

Na hata wao hukosa. Kisahani cha Olimpiki kina kipenyo cha milimita 110, na risasi inayoruhusiwa ni gramu 24 za marisau, takriban punje 300. Kama punje 300 zingetosha kumfanyia mtu kazi ya kulenga, fainali zote zingeisha kwa sare. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, katika fainali ya wanaume ya trap, aina mojawapo ya upigaji visahani, Jiří Lipták na David Kostelecký, wote wa Jamhuri ya Czech, walifungana kwa visahani 43 kati ya 50, maana yake mabingwa hao walikosa saba kila mmoja. Ikabidi washindane tena kisahani kimoja kimoja hadi Lipták akashinda. Falme za Kiarabu zilipata dhahabu yao ya kwanza ya Olimpiki kwa shotgani, Athens 2004, kupitia Ahmed Al Maktoum, naye hakuipata kwa kuelekeza mtutu upande wa jambo lenyewe na kuomba heri.

Kwenye mashindano ya vitendo, yale ya IPSC na yale ya silaha tatu yanayopendwa Marekani, ushahidi ni mkali zaidi. Mpigaji anakimbia, anapiga sahani za chuma, anapiga karatasi kwa risasi moja kubwa badala ya marisau, na kati ya shabaha hizo wameweka nyingine ambazo haziruhusiwi kuguswa. Ukigusa moja, kwenye IPSC unakatwa pointi 10. Huwezi kumwagia eneo zima ukashinda. Ukitazama bunduki zao utaona mrija wa risasi mrefu unaofika mwisho wa mtutu, mdomo wa kujazia uliochongwa ukawa mpana ili kidole gumba kisinaswe, na kishikio kikubwa cha kukokia. Mpigaji mzuri huchomoa risasi nne mkandani kwa mkono mmoja, mbili juu ya mbili, akageuza bunduki tumbo juu, akazisukuma ndani kwa misukumo miwili tu, macho tayari yako kwenye shabaha inayofuata. Anajifunza hayo kwa jasho kwa sababu shotgani hubeba risasi chache, na kila iliyopotea italipwa kwa sekunde. Asiyelenga angeishiwa kabla ya kufika nusu ya uwanja.

Zao baya kuliko yote la imani hii linauzwa madukani. Mwaka 2017 Mossberg ilitoa 590 Shockwave: mtutu wa inchi 14, hakuna kitako, nyuma kuna mpini uliopinda tu. Kwa kuwa haikutoka kiwandani na kitako na urefu wake wote unazidi inchi 26, sheria ya Marekani ya mwaka 1934 haiihesabu kuwa shotgani iliyofupishwa. Ikauzika sana. Lakini ukishaondoa kitako umeondoa bega, ukiondoa bega umeondoa shavu, na bila shavu jicho halina mahali pa kukaa. Mnunuzi anabaki kufyatua kutoka kiunoni kama kwenye filamu, kwa geji 12 inayopiga teke la nguvu, akiamini marisau yatamtafutia adui. Kukata mtutu nako hakuleti mtawanyiko mkubwa kama watu wanavyodhani. Kinachobana marisau ni choki, ule msinyao mdogo mdomoni mwa mtutu, na tofauti yake unaiona kwenye makumi ya mita, si chumbani.

Wengine hununua vikorombwezo badala ya mazoezi: tochi, mifuko ya risasi ubavuni, meno ya chuma mdomoni mwa mtutu. Tochi naiunga mkono kwa moyo wote, maana huwezi kulenga usichokiona. Mengine yana gharama ambayo muuzaji haisemi. Baadhi ya shotgani za Benelli hujikoki kwa msukumo wa nyuma wa bunduki yenyewe, na ukizirundikia uzito, zinaweza kugoma kujikoki kwa risasi dhaifu. Na wale wanaosema mlio wa kukoki peke yake unatosha kumkimbiza mwizi, wamekubali kuingia kwenye hatari wakiwa na bunduki ambayo haina risasi chemba, kisha wakamtangazia mwizi wamesimama wapi.

Nimeandika juu ya Marekani na Italia kwa kuwa huko ndiko silaha hizi na hadithi zake zinakotoka. Lakini Tanzania walinzi wa kampuni binafsi hukaa na shotgani mbele ya benki, maduka na vituo vya mafuta, watu wakipita hatua chache mbele yao. Upande wa pili wa barabara kuna mama lishe, bodaboda wamepanga foleni, kuna kibanda cha bati cha wakala wa fedha. Bati haliizuii gololi. Mlinzi aliyefundishwa kwa maneno ya vijiweni kwamba silaha yake hailengwi atafyatua kuelekea jambazi anayekimbia mita 30, na gololi zake nyingi zitatafuta pa kutua kwenye umati huo.

Kwa hiyo kabla kampuni haijamkabidhi mtu shotgani, impeleke uwanjani na bunduki ileile atakayoshika zamu na risasi za chapa ileile. Afyatue kwenye karatasi kwa mita 5, 10, 15 na 25, ahesabu matundu kwa kidole chake mwenyewe, apime, na aandike umbali ambao gololi zote bado zinaingia kwenye upana wa kifua cha mtu. Zaidi ya umbali huo, palipo na watu, hafyatui. Karatasi hizo zikae kwenye faili lake pamoja na nyaraka za silaha, na zirudiwe kila risasi zinapobadilishwa chapa. Zoezi zima ni asubuhi moja na risasi chache. Kampuni inayodai haina uwezo wa kulifanya haina ruhusa, kwangu mimi, ya kumweka mtu yeyote mbele ya duka na bunduki hiyo.